Kambale anavuliwa kwa pua: mwongozo kamili wa kumvua kwa ndoano mtoni na ziwani

Watu wengi wanaokuja mtoni kujaribu kambale wanarudi mikono mitupu, na sio kwamba samaki hawapo, samaki wapo, ila wanamvua kambale kama wanamvua perege. Mtu anafika saa nne asubuhi jua limeshawaka, ana kindoano kidogo, boya linaelea juu juu, chambo ni donge la ugali, anakaa masaa mawili alafu anasema mto huu umeisha. Mto haujaisha. Kambale ana maisha yake, na ukishayaelewa hayo maisha mengine yote yanakuja yenyewe, ndo maana naanza na samaki kabla ya ndoano na naomba usiiruke hii sehemu hata kama una haraka.

Mimi nimekulia bonde la Kilombero upande wa Ifakara, ndoano ya kwanza nilifundishwa na babu mzaa mama nikiwa darasa la nne, kwa hiyo mifano mingi hapa ni ya mto Kilombero na yale mabwawa yanayobaki mbugani maji yakishuka. Lakini kambale ni yule yule, uko Ruvu, uko Mtera, uko Ziwa Victoria ambako upande wa Kenya Wajaluo wanamwita mumi na Uganda wanamwita male, wataalamu wanamwita Clarias gariepinus. Tabia hazibadiliki.

MJUE KWANZA

Mshike kambale mkononi umwangalie. Hana magamba, ngozi ina ute unateleza, kichwa kimebapa na ni kigumu kama kigae, mdomo mpana umezungukwa na sharubu nane, na macho ni madogo sana ukilinganisha na huo mwili. Hayo macho ndo jibu lako. Mto Kilombero wakati wa mvua maji yana rangi ya chai ya maziwa, ukizamisha mkono hadi kiwiko vidole huvioni, na yeye anaishi humo humo na ananenepa, anakula kwa kunusa na kupapasa. Zile sharubu zinaonja. Kwa hiyo chambo kinachong'aa vizuri machoni pako wewe kwake hakina maana yoyote, anachotaka ni harufu inayosafiri ndani ya maji na chambo kilicholala chini kabisa kwenye tope pale anapopita na sharubu zake.

Jambo la pili, kambale anavuta hewa. Juu ya mashavu yake kuna kiungo kimejikunja matawi matawi kama mti mdogo, chekundu kwa damu, na hicho ndicho kinachomwezesha kukaa kwenye maji machafu yaliyokosa hewa ambako perege angeshakufa, hata kujiburuza kwenye tope lenye unyevu usiku kutoka dimbwi moja kwenda lingine. Faida yako mvuvi ni kwamba lazima apande juu mara kwa mara kuvuta hewa. Kaa kimya kwenye bwawa jua linapozama, usiongee, usitembee, angalia maji. Utaona mdomo mpana unajitokeza sekunde moja, "glop", alafu mapovu mawili matatu na duara linapanuka. Hesabu hizo "glop" kwa dakika kumi na uangalie ziko upande gani. Hapo umeshajua wako wapi na ukubwa wao, maana mkubwa anaacha duara zito na mkia wake unatikisa maji akigeuka.

Tatu, ni wa usiku. Mchana anajificha kwenye kina, chini ya mizizi, chini ya magugu, ndani ya mashimo ya ukingo. Giza likiingia anatoka kwenda kwenye maji mafupi kutafuta chakula, na hapa ndo watu wanakosea sana, usiku wanatupa ndoano mbali katikati ya mto wakati kambale amewapita anakula miguuni kwao.

Usimchanganye na ndugu zake. Kitoga naye ana sharubu lakini mkia wake umegawanyika kama mkasi, kambale mkia wake ni wa duara na pezi la mgongoni ni refu linatoka karibu na kichwa mpaka karibu na mkia. Ngogo ni mdogo, ana miiba mitatu inayojifunga ikasimama wima na ukimtoa majini analia. Na kamongo wa Ziwa Victoria huyo sio kambale kabisa, ana mwili kama mkunga na mapezi kama kamba, anachukua chambo hicho hicho, na anauma. Ukimtoa kamongo usimwekee vidole mdomoni ukidhani ni kambale, yule anakata.

KIBALI NA SHERIA

Kwa Tanzania uvuvi uko chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, kama unavua kuuza unahitaji leseni, na hata kama unavua kitoweo tu nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa kata au halmashauri, au kwa wale wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi) pale mwaloni, uwaulize nini kinaruhusiwa na wapi. Sumu, baruti, kokoro (wavu wa kukokota), na chandarua cha mbu hivyo havina mjadala, ni marufuku. Pia sehemu kubwa ya bonde la Kilombero ni eneo la hifadhi, na mipaka ya sasa sio ile tuliyoizoea tukiwa wadogo, ulizia kabla hujaingia maana askari wa wanyamapori hasikilizi habari za "mimi ni mwenyeji".

ZANA

Huhitaji vitu vya bei. Babu yangu alitumia mshipi wa mkono maisha yake yote na alitoa kambale wa kubebwa mabegani. Unachohitaji kiwe imara tu, basi.

Mshipi, chukua nailoni nene, milimita 0.7 mpaka 0.9 kwa mshipi wa mkono. Nyembamba itakukata vidole na kambale akizunguka gogo itakatika. Mita 40 mpaka 50 zinatosha mtoni, uzizungushie kwenye kipande cha mti au chupa ya plastiki. Kama unatumia ufito wenye rili basi milimita 0.5 inafaa, ila ufito uwe mgumu, vile vifito laini vya kuchezea perege vinavunjika.

Ndoano, madukani kwetu zinauzwa kwa namba na kadiri namba inavyopungua ndoano inakua kubwa. Kwa kambale wa kawaida mimi natumia namba 8, nikijua kuna wakubwa nachukua 7. Kama muuzaji wako ana namba za aina nyingine usihangaike, pima kwa kidole, nafasi kati ya shina na ncha iwe inapitisha kidole chako cha shahada bila kubana. Mdomo wa kambale ni mpana, ndoano kubwa haimtishi. Cha muhimu ni ukali. Ipitishe ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, ikiteleza ni butu, ikikwaruza na kukwama ni kali. Mdomo wake una ngozi ngumu na mfupa, ndoano butu inamtoka akiwa ameshafika ukingoni na hakuna kitu kinauma moyo kama hicho.

Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, iwe na tundu katikati ili mshipi upite huru, uzito kadiri ya mkondo, bwawani hata nati moja ya baiskeli inatosha, mtoni penye mkondo tafuta kitu kizito zaidi kinachokaa chini bila kuburuzwa. Ongeza swiveli, kile kiungio kidogo cha chuma kinachozunguka, kama unaipata maana kambale akinaswa anajizungusha kama anasokota kamba, na mshipi bila swiveli unajikunja kunja mpaka unakuwa dhaifu. Mengine: tochi ya kichwani, kisu, koleo la kutolea ndoano, gunia la katani, kirungu, na buti za mpira. Buti sio mapambo, mabwawa yetu yana kichocho.

KUFUNGA

Anza na mpangilio. Pitisha mshipi mkuu kwenye tundu la chubwi, alafu funga swiveli mwishoni ili chubwi isishuke kupita hapo. Upande wa pili wa swiveli funga kipande cha nailoni urefu wa mkono, kama sentimita 30 mpaka 40, mwisho wake ndo ndoano. Faida yake ni kwamba kambale akichukua chambo na kuondoka mshipi unateleza ndani ya chubwi na yeye hasikii uzito. Ukifunga chubwi imekazwa karibu na ndoano atasikia kitu kinamvuta na atatema, ametokea kujifunza hivyo huko majini.

Fundo lenyewe: kama ndoano ina tundu, pitisha nailoni, izungushe kwenye mshipi wake wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kale katanzi kadogo kaliko jirani na tundu, alafu ipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichotokea. Kabla hujakaza lowesha kwa mate. Usiache hii, nailoni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na inakatikia hapo hapo kwenye fundo. Kama ndoano ni ya kibapa isiyo na tundu, laza nailoni sambamba na shina ukiacha kitanzi, zungusha shina na nailoni kwa pamoja mara saba kuelekea chini, pitisha ncha ndani ya kitanzi, kaza polepole. Alafu jaribu, kanyaga ndoano kwenye gogo uvute kwa nguvu zako zote. Bora ikatike nyumbani.

CHAMBO

Hapa kila mvuvi ana imani yake na wengine hawasemi kabisa, mimi nasema.

Nyungunyungu ndio mwalimu wa wote, wachimbe kwenye migomba au penye mbolea ya ng'ombe, weka watatu wanne kwa pamoja kwenye ndoano moja wawe kama rundo linalocheza. Kasoro yake ni kwamba samaki wadogo wanawamaliza kabla kambale hajafika. Ndio maana usiku mimi napenda utumbo na maini ya kuku. Maini yakiwa mabichi sana yanachanika yanatoka kwenye ndoano, kwa hiyo yakate vipande vya ukubwa wa kiberiti, nyunyiza chumvi, yaache juani saa moja mpaka yapate ngozi ya juu, alafu yafunge kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea. Utumbo hauna shida hiyo, uchome mara tatu nne ukiacha mkia mrefu unaning'inia. Harufu iwe imeanza kukolea lakini isiwe imeoza kabisa, watu wanasema kambale anapenda uvundo, kwa uzoefu wangu chambo kilicholala siku moja kinashinda chambo cha siku nne.

Kipande cha samaki wa mto huo huo ni chambo kizuri mno na watu wanakidharau. Ukipata perege mdogo au ngogo kata mnofu wa ubavuni pamoja na ngozi, ngozi inashika ndoano. Chura mdogo anafaa kwa wakubwa. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakaruka, weka kumbikumbi tu, usiku huo kambale hataki kingine maana maji yote yamejaa kumbikumbi.

Na sabuni. Ndio, sabuni ya mche. Kule Kariba, kwenye ziwa la bwawa la mto Zambezi, wavuvi wanamvua vundu, ndugu mkubwa kabisa wa kambale, kwa vipande vya sabuni ya bluu, na sababu ni mafuta yaliyomo yanayeyuka taratibu na kusambaa majini. Nimejaribu Kilombero, inafanya kazi kiasi, uzuri wake ni kwamba samaki wadogo hawaigusi. Kipande cha ukubwa wa dole gumba, toboa tundu kwanza kwa msumari ndo upitishe ndoano, la sivyo kinapasuka.

Kitu kingine kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kuwaita. Chukua pumba za mpunga, damu ya machinjioni kama unaipata, changanya na tope la ukingoni, finyanga madonge ya ukubwa wa chungwa, tupa matatu pale utakapoweka ndoano nusu saa kabla. Tope linayashusha chini na yanafunguka polepole. Usizidishe, unamwita aje kutafuta, hujamwalika karamu, akishiba wewe unabaki na ndoano yako.

WAPI NA SAA NGAPI

Kiangazi, kuanzia kama Julai mpaka Oktoba, mto umeshuka na kambale wamejikusanya. Tafuta kona za mto, upande wa nje wa kona ndo wenye kina, hasa kama kuna mti umeanguka. Tafuta pale kijito au mfereji wa mashamba ya mpunga unapoingia mtoni, maji yanaleta chakula na harufu. Tafuta pale wavuvi wanapoparulia samaki, utumbo unaotupwa pale kila jioni umeshawafundisha kambale ratiba, unaweza ukavua hapo baada ya magharibi ukapata kuliko aliyepiga makasia masaa matatu. Mabwawa yaliyojitenga mbugani nayo yanakuwa tajiri, ila ni ya mamba pia, nitafika huko.

Mvua zikianza mto unapanda na kuchafuka. Siku ya kwanza na ya pili ya maji kupanda ni nzuri kuliko siku zote, kambale anatoka kwenye mashimo anafuata ukingo mpya kula minyoo na wadudu waliozamishwa. Hapo usitupe mbali, mita mbili tatu kutoka ukingoni, hata kwenye majani yaliyofunikwa jana.

Ila hapa niseme jambo moja na nalisema kwa uchungu. Maji yakishaingia mbugani kambale wanapanda usiku kwa makundi kwenda kuzaa kwenye majani ya maji mafupi. Utawaona mpaka mgongo uko nje, matumbo yamejaa mayai, wanapita kwenye kijimfereji cha upana wa hatua moja. Watu wanajipanga pale na mapanga na migono (mitego ya kufuma) wanafunga njia nzima, mtu anajaza magunia usiku mmoja. Mayai yake yanaanguliwa haraka sana, siku moja au mbili tu, kinachotakiwa ni kuwaacha wapite huo usiku. Mfereji mmoja nyuma ya shamba la babu walikuwa wanapita kila mwaka nikiwa mdogo, tulikuwa tunasikia ile chakachaka ya majani tukiwa kitandani. Ulifungwa misimu kadhaa mfululizo kwa migono, sasa hivi ni kimya, maji yanakuja lakini kambale hawaji. Ukinasa jike lenye tumbo gumu lililojaa wakati huo, mrudishe. Yule sio samaki mmoja, yule ni maelfu. Vua wale walioko mtoni, kwenye njia ya kuzalia weka mikono mfukoni.

Saa nzuri ni kuanzia magharibi mpaka saa nne tano usiku, alafu tena alfajiri kabla hakujapambazuka. Usiku wa giza ni bora kuliko mbalamwezi, kwenye mbalamwezi wanakula pia ila nenda kwenye kivuli cha miti.

KUTUPA, KUSUBIRI, KUNASA

Tupa, acha chubwi ifike chini, vuta taratibu mpaka mshipi unyooke, kisha legeza kidogo. Zima tochi. Usimulike maji na usikanyage kanyage, kambale anasikia mtikisiko wa ardhi kuliko sauti ya mdomo. Mshipi upitishe juu ya kidole cha shahada, mwisho wake funga kwenye kigingi, sio mkononi. Kamwe usijifunge mshipi mkononi wala kiunoni, ukinasa kitu ambacho sio samaki utajuta.

Sasa sikiliza kwa kidole. Samaki wadogo wanadonoa haraka haraka, tik tik tik, kama mtu anagonga ukucha kwenye kikombe, hao waache. Kambale anaanza tofauti: kwanza unasikia mshipi umeguswa kama jani limepita, ni sharubu hizo, anaonja. Kimya. Alafu kishindo kimoja kizito, puu. Hapa ndo moyo unaruka na mkono unataka kuvuta, na hapa ndo usivute. Bado anakigeuza mdomoni. Subiri mshipi uanze kutembea, unaondoka polepole bila kusimama, unateleza juu ya kidole, mita moja, moja na nusu. Sasa kaza, vuta mara moja kwa mkono wote, kwa nguvu, usibonyee bonyee. Nilipokuwa najifunza nilikuwa nawakosa karibu wote kwa kuvuta kwenye kile kishindo cha kwanza, babu akaniambia nihesabu mpaka tano kwa sauti ya chini, na mpaka leo nahesabu.

Akishanaswa atavuta kuelekea kwenye mizizi, usimpe mshipi huko, mlazimishe aje upande wa maji wazi. Kwa mshipi wa mkono vaa glovu au zungushia kitambaa, akivuta sana mpe kidogo ukiwa umebana, asipate mshipi uliolegea. Akifika karibu akaona ukingo atapiga mzunguko wa mwisho, na wengi wanapotea hapo, kwa hiyo usikimbilie kumnyanyua kwa nailoni. Mburuze kwenye ukingo ulioinama au mshike kwa wavu.

KUMSHIKA

Kwenye kila pezi la kifuani ana mwiba mmoja wenye meno kama msumeno, na akikasirika anaunyoosha ukabaki umesimama. Wadogo ndio wabaya zaidi maana miiba yao ni mikali kama sindano. Nilichomwa chini ya dole gumba nikiwa kidato cha pili, mkono ulivimba mpaka nikashindwa kushika kalamu siku tatu. Mshike hivi: kiganja kinatoka juu nyuma ya kichwa, dole gumba linakaa nyuma ya mwiba wa upande mmoja na vidole nyuma ya mwiba wa upande wa pili, unambana hapo. Mkubwa mfunike na gunia lililolowa kwanza, akiwa gizani anatulia. Ukichomwa osha kwa sabuni na maji mengi, loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, na kama jeraha limeingia ndani nenda zahanati wakuangalie na sindano ya pepopunda.

MAMBA NA KIBOKO

Hii naandika peke yake. Kilombero ina mamba na viboko, Rufiji ndio usiseme, na kwenye maziwa yetu wapo pia. Uvuvi wa kambale ni wa usiku, wa ukingoni, wenye harufu ya damu na utumbo, yaani umejumlisha kila kitu anachopenda mamba. Kwa hiyo kaa mita tatu nne kutoka kwenye maji na ikiwezekana ukingo uliopanda juu. Ukifika mulika maji polepole pande zote kwa tochi ya kichwani, macho ya mamba yanarudisha mwanga mwekundu kama kaa la moto, ukiona pacha la makaa ondoka, usibishane. Usiparue samaki hapo hapo ulipokaa. Usinawe mikono mtoni, njoo na maji kwenye dumu. Usirudie sehemu moja ile ile kila siku muda ule ule, mamba anasoma ratiba. Na kambale akiwa kwenye mshipi anatapatapa usiingie majini kumfuata, hata awe mkubwa kiasi gani, kata mshipi. Kiboko ana njia zake za kupanda kula majani usiku, zimechimbika mistari miwili na katikati tuta, usikae kwenye hiyo njia wala kati yake na maji. Usiende peke yako, na watoto wasiende usiku.

ZIWANI

Ziwani tabia ni ile ile ila ukumbi ni mpana. Usihangaike na kina kirefu, kambale wa ziwa yuko pembeni, kwenye matete, kwenye mafunjo, chini ya magugu maji, na kwenye midomo ya mito. Tega ndoano kwenye upenyo kati ya matete na maji wazi, hapo ndo barabara yake.

Njia ya wengi ni kutega kamba moja ndefu yenye ndoano nyingi. Kamba kuu inafungwa kigingi au nanga kila mwisho na boya la dumu juu, ndoano zinaning'inia kwenye vikamba vya nusu mita, nafasi kati ya ndoano na ndoano iwe hatua mbili ili zisishikane. Tega jioni, tegua alfajiri, usiziache mchana samaki wanaharibika na kamongo anazikata. Wakati wa kutega panga ndoano pembeni mwa mtumbwi kwa mpangilio, mtu mmoja anapiga kasia mwingine anashusha, na anayeshusha asivae nguo yenye mikono mipana, ndoano ikishika nguo na kamba ina uzito inakupeleka. Vaa jaketi la kuokolea. Huko Victoria kambale wadogo wenyewe ni biashara, wananunuliwa wakiwa hai kama chambo cha sangara kwa sababu wanavumilia kukaa kwenye ndoano muda mrefu, kuna watu wanafuga vifaranga vya kambale kwa kazi hiyo tu.

Tahadhari ya Ziwa Tanganyika: kule kuna samaki wa umeme mwenye sura ya kambale mnene, mdomo mnono, hana pezi refu mgongoni. Usimguse kwa mkono mtupu wala kwa kisu cha chuma, mshtuko wake unaangusha mtu mzima.

KUMHIFADHI NA KUMWANDAA

Kwa kuwa anavuta hewa unaweza kumsafirisha hai kwenye gunia lililolowa masaa kadhaa, mradi usimweke juani na usimzamishe kwenye ndoo iliyojaa maji ikafungwa, akikosa pa kuvuta hewa anakufa. Ndoo isiyo na kifuniko nayo hapana, utamkuta uani. Ukitaka kumuua mpige kirungu kimoja kizito nyuma ya kichwa, pale fuvu linapoishia, sio katikati ya paji maana pale ni mfupa mtupu, utampiga mara kumi na anateseka.

Ute unatoka kwa majivu na chumvi, msugue kuanzia kichwani kwenda mkiani, suuza, rudia mpaka mkono usiteleze. Kata mashavu na kile kiungo chekundu cha hewa, toa utumbo, suuza damu iliyolala kwenye uti. Harufu ya tope ambayo watu wanailalamikia, hasa kwa wale wa bwawani, inapungua sana ukimlaza dakika 20 kwenye maji ya ndimu na chumvi. Kabla hujapelekea jirani kumbuka wapo wasiokula samaki asiye na magamba kwa imani yao, Wasabato kwa mfano, uliza kwanza.

Mbichi anapendeza kwa nazi au na nyanya na bamia, umpike aive mpaka mfupa uachie. Lakini kambale ni wa kubanika. Mdogo mkunje mkia uingie mdomoni ubane kwa kijiti, mkubwa mpasue mgongoni afunguke kama kitabu, mpake chumvi, muache apate upepo mpaka ngozi ikauke juu. Tumia kuni za mwembe au mti mwingine mgumu usio na utomvu, moto uwake kwanza uishe, uweke samaki juu ya wavu kwenye kimo cha magoti wakati ni makaa na moshi tu, funika kwa bati kuukuu au majani ya mgomba. Usiku mzima, ukigeuza kila baada ya saa moja hivi, na mafuta yakianza kudondokea makaa na kuwasha moto nyunyizia maji kidogo au majivu. Asubuhi mbonyeze mgongoni kwa dole gumba, akirudi ni bado, akikaa mgumu rangi ya kahawia iliyokolea mshushe umtundike penye hewa.